Uvumbuzi Hupimwa kwa Faida ya Umma



Katika biashara ya magari ya umeme kila kampuni hudai kuwa imevumbua jambo jipya. Moja hujivunia kioo kikubwa mbele ya dereva, nyingine mwendo wa kasi. Yafaa kuuliza: je, huo ni uvumbuzi, au ni mapambo tu?

Gari la umeme lenyewe si geni. Kabla ya mwaka 1900 teksi za umeme zilikuwa zikibeba abiria mjini New York. Zilishindwa na magari ya petroli kwa kuwa betri zake za risasi zilikuwa nzito na hazikufika mbali. Tangu hapo swali la msingi limekuwa betri.

Mwaka 1997 John Goodenough na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas walieleza betri ya lithiamu inayotumia chuma na fosfati. Haihitaji kobalti wala nikeli, hudumu, wala haishiki moto upesi. Kasoro yake ni kwamba, kwa uzito ule ule, hubeba umeme kidogo zaidi. Ndiyo sababu watengenezaji wengi walipendelea nikeli na kobalti.

Kampuni ya BYD ya Shenzhen, Uchina, iliyoanza mwaka 1995 kwa kutengeneza betri, ilishika njia ya chuma. Ulipokwisha mwaka 2017, mabasi yote ya mji huo, zaidi ya 16,000, yalikuwa ya umeme, mengi yakiwa ya kampuni hiyo. Mwaka 2020 ikatoa betri yenye seli ndefu na nyembamba kama upanga, zilizopangwa moja kwa moja ndani ya sanduku kubwa, bila visanduku vya katikati. Nafasi iliyokuwa ikipotea ikajazwa seli. Kilichobadilika hasa ni mpangilio.

Jambo hili laigusa Afrika. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo. Nchi inayouza madini ghafi hutikiswa na kila maarifa yanayozaliwa katika maabara za wengine. Mwenye madini bila maarifa ni mlinzi wa ghala la mwenzake.

Basi, mwalimu amzoeze mwanafunzi kuuliza kuhusu kila kinachoitwa kipya: kimeondoa kizuizi gani? Kimepunguza gharama gani? Nani amefaidika? Naye mtumishi wa Serikali aulize hayo hayo kabla ya kutia sahihi hati ya ununuzi, kwani fedha anayoitumia ni ya umma.