Chusa, Theluji na Maji ya Kijani: Kumchora na Kumhakiki Mungu wa Bahari Tukiwa Butembo



Nimepewa mada ya kumchora mungu wa bahari kwa kompyuta au kwa simu, kisha kuihakiki picha yenyewe. Mshiriki mmoja alipoisoma ratiba mlangoni aliuliza: bahari sisi tumeiona wapi? Ana haki ya kuuliza. Kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka, na Muanda, ambako Kongo yetu inagusa Atlantiki, ni mbali zaidi. Ila picha mlizotuma zinaonyesha kwamba bahari mmeiona sana, kwenye skrini. Karibu zote zina mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe na kifua cha mcheza sinema, taji la dhahabu, mkuki wa meno matatu, na maji ya buluu ya bwawa la hoteli. Sina ugomvi na Poseidoni, mungu wa bahari wa Wagiriki. Ninachogombana nacho ni kwamba mzee huyo hajawahi kulowa. Ukimtoa majini ukamweka jangwani, hakuna kitakachobadilika mwilini mwake.

Tuanze na anachokishika. Meno matatu ya Poseidoni hayakuwa pambo. Wavuvi wa Mediterania walichomea samaki kwa chombo cha namna hiyo, kwa hiyo mungu wao alibeba zana ya kazi. Sasa zana ya kazi ya maji yetu ni ipi? Pale Ishango, Mto Semuliki unapotoka Ziwa Edward, ndani ya teritwari ya Beni, mtafiti Jean de Heinzelin alichimba mwaka 1950 akapata ule mfupa wenye mikato ya mistari ambao vitabu vya historia ya hesabu vinautaja duniani kote; leo uko Brussels. Huo wengi tunausikia shuleni. Kisichosemwa sana ni kwamba palepale vilitoka vyusa vya mfupa vyenye miiba iliyochongwa ubavuni. Na Katanda, kilomita chache ukiteremka mto, watafiti walipata vyusa vingine pamoja na mifupa ya kambale wakubwa (nanyi mnaoitwa Kambale humu msichukie), wakatangaza mwaka 1995 kwamba vina umri wa miaka kiasi 90,000. Umri huo umebishaniwa. Hata ukiukata katikati, chusa hicho kitabaki kikongwe kuliko Poseidoni na Wagiriki wake wote. Msanii wa Beni anayempa mungu wake mkuki wa kuazima kutoka sinema ya Marekani, huku chusa cha zamani namna hii kikiwa kimetoka kwenye ardhi ya nyumbani, amepita juu ya hazina bila kutazama chini.

Mkono wa mungu una uzito kuliko tunavyodhani. Athens kuna sanamu ya shaba nyeusi ya mwanamume uchi, urefu wake mita 2.09, iliyotengenezwa kiasi cha mwaka 460 kabla ya Kristo na kutolewa baharini karibu na rasi ya Artemision kati ya 1926 na 1928. Mkono wa kulia umeinuliwa nyuma kama wa mtu anayerusha, lakini kilichokuwa mkononi kimepotea. Mpaka leo wataalamu wanabishana: alishika radi, basi ni Zeu, au alishika meno matatu, basi ni Poseidoni. Wanaomtetea Zeu wana hoja moja ninayoipenda, kwamba mkuki mrefu katika mkono ule ungekatiza mbele ya uso, na mchongaji hodari hawezi kuufunika uso alioutolea jasho. Angalieni namna ya hoja hiyo. Hakuna anayesema sanamu inampendeza au haimpendezi. Wanauliza kitu hiki kikikaa hapa, kitaziba nini pale. Uhakiki wa mchana nautaka wa namna hiyo.

Makao sasa. Ndugu zetu Wakonzo wa upande wa Uganda, ambao sisi Wayira ni damu moja nao, wanamtaja Kitasamba, mwenye kukaa katika theluji ya Ruwenzori. Kwa mchoraji hilo ni jambo kubwa, maana mungu huyu anayashikilia maji yakiwa bado magumu, juu ya vilele vinavyofika mita 5,109. Theluji ikiyeyuka huteremka hadi Semuliki, Semuliki huingia Ziwa Albert, kisha Nile, kisha Mediterania. Maji ya Kitasamba yanaishia mlangoni kwa Poseidoni! Na mvua inayoanguka mgongo wa magharibi wa milima yetu ya hapa Butembo hushika njia ya Mto Kongo hadi Atlantiki. Tunaishi juu ya paa linalomwaga pande mbili, kila upande na bahari yake. Anayeuliza tumeiona wapi bahari, jibu ni kwamba tunaipelekea maji.

Barafu ya Ruwenzori ilipopimwa na msafara wa Duke wa Abruzzi mwaka 1906 ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 6.5 hivi, kufikia 2003 ilikuwa imebaki kiasi cha 1. Hapo pana picha ambayo mashine yoyote ya Marekani inayozalisha picha haitaibuni yenyewe: mungu ambaye joho lake jeupe limefupika mpaka magoti ya mwamba yako wazi, na maji yakimtoka mguuni bila yeye kutaka. Sijaona aliyeichora. Naiacha hapa mezani, atakayeitaka aichukue.

Lakini mawazo mazuri hufia kwenye utekelezaji, na utekelezaji wa maji ni mgumu. Kosa linalojirudia zaidi ni matone. Tone la mvua likizidi milimita 5 au 6 hupasuka likiwa bado hewani. Kwa hiyo tone lina kipimo, na jicho la mtazamaji linakijua hata kama hakukisoma popote. Ukichora matone yenye ukubwa wa macho ya mungu wako, umemfanya mwanasesere, hata kama nyuma yake umeweka milima. Mungu aliye mrefu kuliko kilima, maji yanayomdondoka kidevuni yatakuwa ukungu kabla hayajafika kifuani. Tumieni brashi ya vumbi laini, tabaka juu ya tabaka, na uachieni upepo uipeleke upande mmoja.

Nywele nazo. Juu ya maji ndevu zilizolowa hushikana na kuning'inia kwa uzito. Chini ya maji huelea na kufunguka. Katika picha moja niliyoletewa kichwa kiko nje ya maji na ndevu zinaelea. Mchoraji alichanganya mifano miwili aliyoikuta mtandaoni, na mshono unaonekana.

Rangi ndiyo inayonikera kuliko vyote. Buluu ile ya bwawa la hoteli si ya kwetu. Ziwa Edward lina mwani mwingi. Ukilitazama kutoka kwenye mtumbwi pale Kyavinyonge au Vitshumbi, maji ni kijani kizito, kama sombe iliyopondwa. Sehemu ya rutuba inayolisha mwani huo, na kupitia kwake samaki, hutoka kwa viboko wanaokula nyasi nchi kavu na kunya majini. Mbuga ya Virunga ilikuwa na viboko kiasi 29,000 miaka ya 1970. Silaha zilipozagaa waliwindwa hadi wakabaki chini ya 1,000 mwaka 2005. Mungu wa ziwa hili asiye na kiboko popote, hata unyayo, ni mungu asiyejua nani anamlisha. Kumbukeni pia kwamba majini nyekundu hufa kwanza, ndani ya mita chache. Kikwembe chekundu kilichozama kinaonekana cheusi. Mkichora taji la akiki linawaka kwenye kina kirefu, nitawauliza mwanga umetoka wapi.

Na hata buluu ile ingekuwa halali, haichapiki. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe, karatasi inaurudisha mwanga wa chumba, na wino hauwezi kufika zile buluu na kijani zinazong'aa kwenye simu. Mtu amechapa kazi yake hapa mjini kisha akamgombeza mwenye mashine, kumbe hesabu ya rangi ilipaswa kufanywa kabla ya kuchora. Krita ni ya bure na inakuruhusu kuanza moja kwa moja na rangi za uchapaji.

Nije kwa watazamaji, ambao kwetu si wapole. Ukitundika kiumbe wa majini sebuleni Butembo, mgeni wa kwanza atasema ni Mami Wata, na wa pili atauliza nani katika jamaa ametolewa ili mwenye nyumba apate mali. Huu ni mji wa wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa hadi Dubai na China, hivyo hadithi ya utajiri wa majini haikosi pa kushika. Wahubiri wamewahimiza waumini watoe picha hizo nyumbani. Msanii asilalamike, ajue tu anaingia uwanja gani. Ajue pia asili yake: sura maarufu ya Mami Wata ilitokana na picha ya mwanamke mcheza nyoka iliyochapishwa Hamburg, Ujerumani, miaka ya 1880, ikapendwa Afrika Magharibi, na mwaka 1955 ikachapwa upya Bombay. Lubumbashi wachoraji wakaifanya Mamba Muntu, wakaitundika katika sebule za wafanyakazi wa migodi. Mchoraji Chéri Samba naye amemchora Mami Wata. Kwa hiyo kuiga si dhambi. Wachoraji wa Lubumbashi waliiga, ila mteja alibishana nao kuhusu saa ya mkononi, uso na nyoka, mpaka picha ikawa yao. Mashine inayozalisha picha kwa maneno haina mteja wa kubishana nayo. Imelishwa mabilioni ya picha za intaneti, na ukiiomba mungu wa bahari inakurudishia wastani wake. Itumieni kama mnaitaka, ila mgombane nayo.

Neno kwa wahakiki kuhusu wenzetu wa Beni. Jina Semuliki kwao haliwaletei samaki na vyusa peke yake. Wanakumbuka mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, na shambulio la Desemba 2017 katika kambi ya walinda amani Watanzania pale Semuliki. Msanii halazimiki kuyachora hayo. Mhakiki analazimika kujua kwamba mtazamaji atakuja nayo, na asimwambie mtoto wa Beni kwamba maji yake yamekuwa na giza mno.

Mchana tutatundika picha kwa zamu, na mwenye picha atanyamaza mpaka watatu wamesema wanachokiona kabla ya wanachokipenda. Nitaanza na ile ya ndevu zinazoelea, mwenyewe amekubali. Waliochora kwa simu walete faili lenyewe lenye matabaka kwa kebo au kadi, wasilitume kwa WhatsApp kama picha, maana linabanwa. Na anayetaka kuchapa A3 ahakikishe ana pikseli 3,508 kwa 4,961; pungufu ya hapo tutaichapa ndogo.