Kiingereza cha Mambo Yaliyokwisha Kupita

(Maongezi na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Voi)

Nimeombwa niongee juu ya kusoma. Mlioniita mlisema wanachama wanataka Kiingereza kidogo. Nikauliza, Kiingereza cha nini? Cha kusalimia watalii wanaopita hapa kwenda mbugani? Nikajibiwa, la, cha barua. Basi leo ni Kiingereza cha barua, na hata hicho tutachukua kipande chake kimoja tu, yaani maneno ya jambo lililokwisha kupita. Fungua faili ya kikundi chochote uone. Kumbukumbu za mkutano, risiti, hati ya mkopo, barua ya ardhi, karibu zote zinaeleza kilichofanyika, nani alikifanya, na kama kimekwisha au bado.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama, upande wa chini karibu na mashamba ya mkonge, kilichokuwa kimeomba tangi la maji. Siku moja barua ikaja kutoka ofisi fulani. Ilikuwa na mistari miwili tu: "Your group had been selected for a water tank. The funds were later moved to another project." Aliyewasomea alikuwa kijana wa darasa la saba. Aliona neno "selected", aliona "water tank", aliona "funds", akawaambia, mama, mmechaguliwa, pesa zipo. Akina mama wakapiga vigelegele. Wiki mbili wakabeba mchanga wa mto Voi kwa vichwa, wakalipa gari la kokoto kwa pesa ya mzunguko, wakachimba msingi. Walipokwenda kuuliza tangi linakuja lini, ndipo wakaambiwa kwamba barua iliwaeleza wazi kuwa halitakuja. Mchanga ule mvua iliurudisha mtoni.

Msimlaumu yule kijana. Neno lililompita lina herufi tatu tu, "had". Angalikuwa anajua kwamba "had been selected" maana yake ni "mlikuwa mmechaguliwa", angalisimama hapo hapo. Maana hata kwa Kiswahili chetu, mtu akikuambia "ulikuwa umechaguliwa", hupigi vigelegele. Unamwangalia usoni unasema, enhe, halafu? Sikio lako linangojea "lakini". Hivyo ndivyo "had" ilivyo kwa Kiingereza. Ni neno linalosema jambo hili lilitangulia, na kuna jingine lilikuja baada yake. Ukiliona kwenye barua, usifunge barua. Uliza, halafu?

Hapa ndipo nataka mnielewe vizuri. Watu wengi wa umri wetu wanaogopa Kiingereza cha wakati uliopita wakidhani ni kitu kigeni kabisa. Walikaririshwa shuleni kwa fimbo: "go, went, gone", "see, saw, seen", bila kuambiwa kazi yake. Lakini kazi yenyewe tunaifanya kila siku, tena bila kukosea. Hakuna mama hapa anayechanganya "alikuja" na "amekuja". Ukiambiwa mgeni amekuja, unaweka chai motoni. Ukiambiwa mgeni alikuja, unajua amekwisha kuondoka.

Haya, tuchukue kitabu kimoja cha kikundi, tufuate safari yake. Mwandishi alikinunua: "The secretary bought a book." Mweka hazina akakiazima mwezi wa tatu: "The treasurer borrowed the book in March." Hiyo ni "-li-" yetu, jambo lina siku yake na limekwisha. Mwezi wa tatu umetajwa, kwa hiyo hakuna ubishi. Sasa mwezi wa sita tunasema: "She has not returned the book." Hajakirudisha. Sikieni hiyo "has not". Ni "haja-" yetu, bado deni liko wazi, bado tunangojea. Kama mngeandika "She did not return the book", hakukirudisha, hapo msomaji anaelewa hesabu ilifungwa na kitabu kikahesabiwa kuwa kimepotea.

Badala ya kitabu wekeni mkopo. "Has not paid", hajalipa. "Did not pay", hakulipa. Mweka hazina akiandika la pili mahali pa la kwanza, mkaguzi atadhani kikundi kimekata tamaa na deni hilo. Ninyi mnaocheka hapo nyuma, nendeni mkaangalie vitabu vyenu vya hesabu.

Tuendelee na kitabu chetu. Tulipokwenda nyumbani kwa mweka hazina kukiulizia, tukakuta alikuwa amempa jirani: "When we asked for it, she had lent it to a neighbour." Kuuliza kulikuja nyuma, kumpa jirani kulitangulia, na "had" imekaa kwenye lile lililotangulia. Huyo jirani naye alikuwa akikisoma mvua iliponyesha: "He was reading it when the rain came." "Was reading" ni alikuwa akisoma, jambo lilikuwa linaendelea, jingine likaingia katikati. Mkizishika hizi nne, yaani "-li-", "-me-", "alikuwa ame-" na "alikuwa aki-", mnaweza kufuata barua nyingi bila kumwita mtoto wa jirani.

Niseme pia kuhusu kuazima, kwa sababu nimeona ugomvi. Kwa Kiswahili tunasema "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu", neno ni lile lile. Kiingereza kina mawili. Anayechukua "borrowed", anayetoa "lent". Kwenye hati ya mkopo maneno hayo mawili ndiyo yanayoonyesha nani anamdai nani, kwa hiyo yaangalie kabla ya kuweka kidole gumba.

Kuna mambo mawili ambayo Kiswahili chetu kinatudanganya. La kwanza, sisi husema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka. Kwa Kiingereza "I have seen him yesterday" haikubaliki. Ukitaja jana, au mwaka, au siku, basi ni "I saw him yesterday". La pili ni "did". Ukishasema "did", kazi ya wakati uliopita imefanywa, neno linalofuata linarudi katika hali yake ya kwanza. "He did not went" ni kuvaa kofia mbili. Semeni "He did not go". Hili hata wenye vyeti hukosea.

Na hili neno lenyewe la kusoma lina vituko. Linaandikwa "read", wakati wa sasa hutamkwa "riid". Wakati uliopita linaandikwa vile vile, "read", lakini hutamkwa "red", kama ile rangi nyekundu. Jicho haliwezi kukusaidia, lazima usome maneno yaliyo pembeni yake. "I read the letter every week", hapo ni "riid", maana ni kila wiki. "I read the letter last week", hapo ni "red". Ndiyo maana nasisitiza vitabu kuliko orodha za kukariri. Orodha itakupa "bring, brought" na "buy, bought" zikiwa zimelala kama mahindi juani. Kitabu kinakupa neno likiwa kazini.

Kitabu gani basi? Anzeni na vilivyo nyumbani. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na vile vitabu vya hadithi na vya Kiingereza vya 8-4-4 vimebaki juu ya makabati, watoto hawavihitaji tena kwa mtihani. Vya darasa la nne na la tano vinatufaa sana. Msione haya. Marehemu Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza kule Eldoret mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 84, akakaa dawati moja na watoto, na mwaka 2005 akapanda ndege kwenda New York kuzungumza juu ya elimu. Sisi tumeombwa tu tukae chini ya mwembe na kitabu cha darasa la nne.

Lakini kwa wale walioendelea kidogo, kuna kitabu ambacho ningependa kikundi kisome pamoja, kwa sababu kinaeleza hapa hapa kwetu. Kinaitwa The Man-eaters of Tsavo. Kiliandikwa na J. H. Patterson, mhandisi na afisa wa jeshi la Waingereza, kikachapishwa mwaka 1907. Patterson alifika Tsavo mwezi wa tatu mwaka 1898 kujenga daraja la reli, hapo tunapopita tukienda Mtito Andei. Simba wawili wakawa wanawatoa wafanyakazi mahemani usiku. Aliwaua wote wawili mwezi wa Desemba mwaka huo huo, wa kwanza tarehe 9, wa pili tarehe 29. Haki ya kukichapisha imekwisha muda, kwa hiyo kinapatikana bure kwenye simu. Kiingereza chake ni cha kizamani na kigumu, someni aya moja kwa siku, kijana mmoja mwenye kidato cha nne awe karibu.

Kitabu chote ni mambo yaliyopita, kwa hiyo kinafaa kwa somo letu. Tujaribu sentensi zetu wenyewe. "Patterson killed the first lion on 9 December 1898." Ina tarehe, ni "-li-". "Before he killed them, they had eaten many workers." Kula kulitangulia, hapo "had". Halafu hii: "The lions have been in Chicago since the 1920s." Ngozi za simba wale ziliuzwa mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Chicago, Marekani, na mpaka leo ziko huko. Kwa Kiswahili tungesema tu "wako Chicago tangu miaka ya 1920", Kiingereza kinataka "have been" kwa sababu jambo lilianza zamani na halijakwisha. Kwamba simba wa Tsavo wako Chicago nasi hatuna hata mfupa, hilo ni neno la siku nyingine.

Sasa sikilizeni. Mwandishi huyo anasema wafanyakazi wa Kihindi walioliwa walikuwa 28. Na Waafrika je? Anasema walikuwa wengi, lakini idadi yao haikuandikwa popote katika hesabu za kazi. Haikuandikwa na nani? Kitabu hakisemi. Hiyo "haikuandikwa", kwa Kiingereza "was not kept" au "was not recorded", ni namna ya kueleza jambo lililopita huku aliyelifanya akibaki nyuma ya pazia. Baadaye Patterson alitaja watu 135 kwa jumla. Mwaka 2009 wataalamu waliopima mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria kama watu 35. Wazee wetu waliotoka vijiji vya huku kubeba mizigo ya reli hawakuandikwa, basi leo hata hesabu yao inabishaniwa.

Namna hiyo ya kusema bado inaishi, na inakuja kwenye barua zetu. "The funds were moved." Pesa zilihamishwa. "It was decided." Iliamuliwa. "The plot was allocated." Kiwanja kiligawiwa. Katika jimbo letu, ambako watu wengi wanakaa juu ya ardhi bila hati, sentensi ya namna hiyo inaweza kukuondoa shambani bila wewe kujua uende kumwuliza nani. Mkiona "was" au "were" ikifuatwa na tendo, tafuteni neno "by" baada yake. Kama lipo, aliyefanya ametajwa. Kama halipo, hiyo ndiyo barua ya kujibu. Wale akina mama wa tangi, baada ya kujifunza hili, waliandika swali moja tu: pesa zilihamishwa na nani, na siku gani? Waliandika kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Kwa hiyo tujifunze Kiingereza ili tusome tunachoandikiwa, lakini kujibu tujibu kwa lugha tunayoimudu. Jibu lao halijafika. Nimesema halijafika, sikusema halikufika.

Haya, muda umekwenda na chakula kinakaribia. Kabla hatujaondoka kila kikundi kitoe barua moja kutoka kwenye faili yake. Pigeni mstari kwa penseli, si kwa kalamu, chini ya kila "had", "has", "have", "was" na "were". Mwandishi asome kwa sauti, wengine wakifika kwenye "had" waulize wote pamoja "halafu?", na wakifika kwenye "was" isiyo na "by" waulize "na nani?". Wenye miwani wakae karibu na wasio na miwani. Kikundi kisicho na barua kichukue hati yake ya mkopo.