Kabla ya Kununua Pikapu Mpya

(Mazungumzo na vijana wa vikundi vya muziki, Mji Mkongwe, Unguja)

Tumekuja kuzungumza juu ya pikapu. Si gari la mizigo. Ni kile kipande chenye sumaku na waya mwembamba wa shaba kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa katika waya ule na kwenda kwenye amplifaya.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Gitaa la kikundi chetu lilikatika uzi wa kwanza, na dukani hapakuwa na uzi wa gitaa. Tukafunga uzi wa nailoni wa udi. Unguja udi haukosekani. Ikhwani Safaa iliasisiwa 1905 na taarab ingalipo. Lakini uzi ule ukawa bubu. Tukashika bisibisi, tukainua pikapu upande ule mpaka skrubu ikagota. Bado kimya, na sasa nyuzi nyingine zikaanza kuyumba, hazitulii katika noti. Fundi mmoja akatwambia pikapu imekufa, tununue nyingine. Fedha tulizochanga miezi kadhaa zilikuwa karibu kutoka.

Pikapu ilikuwa nzima. Sumaku haihisi nailoni. Na ikisogezwa karibu mno, huuvuta uzi wa chuma, usitikisike kwa uhuru.

Kwa hiyo fungeni nyuzi za chuma kwanza. Bonyeza uzi kwenye kichuma cha mwisho cha shingo, upime nafasi kati ya uzi na sumaku. Kwa gitaa la aina ya Stratocaster anzeni na kama milimita 2.5 upande wa uzi mnene, 2 upande wa uzi mwembamba. Katika magitaa mengi ukikaza skrubu pikapu hupanda, ukilegeza hushuka. Zungusha nusu duru, piga, sikiliza. Pikapu ya karibu na shingo ikae chini kidogo, maana hapo nyuzi hutikisika zaidi.

Hewa ya chumvi hapa huzipa skrubu kutu. Msizilazimishe: bisibisi ikiteleza ikakata ule waya wa shaba, hapo ndipo pikapu hufa kweli. Springi ikiwa imeoza, kipande cha mpira laini kinatosha.

Gitaa lile tumekuja nalo. Sogeeni, mmoja wenu ashike bisibisi.