Moshi wa Mama Zenu ni Mtaji, Mnauachia Wageni!

Ndugu zangu vijana, na wewe uliyenunua gazeti hili kwa ajili ya mpira ukajikuta ukurasa huu, tulia kidogo. Leo Simba na Yanga wapumzike. Tunazungumzia moshi.

Kila semina mnaambiwa "jiajirini". Anayewaambia ameajiriwa, ana gari na dereva, na chai ya saa nne analetewa mezani. Mkimwuliza mjiajiri katika nini, anajibu "buni mradi", kisha anaangalia saa. Basi mimi niliyeishia kidato cha nne nitawaambia lile ambalo yeye hakulisema: tafuta shida inayoisumbua dunia nzima, halafu angalia kama ipo nyumbani kwenu. Ikiwepo, wewe ndiye mtaalamu wake.

Shida yenyewe hii hapa. Watu zaidi ya bilioni 2 duniani bado wanapikia kuni, mkaa na vitu vingine vya moshi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Kile kikohozi cha mama yako kila anapopepea jiko, wewe unakiita mafua!

Mei 2024 wakubwa wa dunia walikutana Paris kwa ajili ya jambo hili, Rais Samia akiwa mmoja wa wenyeviti, na zikaahidiwa dola bilioni 2.2 kwa nishati safi ya kupikia barani Afrika. Mwezi huo huo serikali yetu ilizindua mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Hizo ni fedha, jamani. Swali la kijiweni ni moja tu: zitaliwa na nani?

Twende kwanza Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wataalamu walikuwa wameona jiko la mkaa la Thailand, ndoo ya bati yenye udongo wa kuchoma ndani. Majiko ya mwanzo yalipasuka, yalikuwa mazito, na bei ilifika kama dola 15, fedha ambazo mlalahoi hana. Mafundi bati wa jua kali, wale wa Shauri Moyo, ndio waliofanya liwe jiko la watu. Likapewa kiuno kama kengele ili lisimame imara, udongo ukabaki sehemu ya juu tu, bei ikashuka mpaka dola chache. Lilipunguza mkaa kwa theluthi moja hadi nusu. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya nyumba za mijini Kenya zilikuwa nalo, na huku kwetu likaja kuitwa Jiko Bora. Wapo walioharibu, maana kila mtu aliiga na wengine walichoma udongo nusunusu. Hao waliuza mara moja tu.

Sasa turudi Dar es Salaam hapa hapa. Mkaa unauzwa kwa kopo, au siyo? Mama mwenye fedha ya leo ananunua mkaa wa leo. Gesi je? Gesi ilikuwa inamtaka alipe mtungi mzima kwa mkupuo, hata kama angeutumia mwezi mzima. Kwa hiyo alibaki kwenye mkaa, japo ukijumlisha makopo yote ya mwezi huo, mkaa si rahisi hata kidogo! Hakuwa mjinga wala mshamba. Alikuwa anapata fedha kidogo kidogo, akanunua kinachouzwa kidogo kidogo.

Kampuni moja iliyoanzia mjini hapa, KopaGas, iliona hilo. Ikafunga mita kwenye mtungi, mteja akawa analipia gesi kwa simu kadiri ya fedha aliyonayo, ikiisha inajifunga. Mwaka 2020 kampuni ya Uingereza, Circle Gas, iliinunua teknolojia hiyo katika mpango uliotangazwa kuwa wa dola milioni 25, ikaipeleka na Kenya.

Dola milioni 25! Nani kati yetu hakujua kuwa mama ananunua mkaa wa kopo? Tulijua wote, maana ndio sisi tuliotumwa dukani. Tuliuona umaskini, wenzetu wakaona kipimo cha soko.

Usiniambie mita huwezi kutengeneza. Sikukutuma utengeneze mita. Mwaka 2023 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa. Kila shule inayobadilisha jiko inahitaji mtu wa kulifunga na mtu wa kulitengeneza likiharibika. Sufuria za presha za umeme zinaingia majumbani. Likiungua moja mtaani kwenu linapelekwa kwa nani? Gesi nayo haina mchezo, kwa hiyo nenda VETA ujifunze kwanza, usije ukalipua mtaa.

Chukua daftari, ingia nyumba kumi na kwa mama lishe watatu. Andika wanapikia nini, wanalipa kiasi gani kwa siku na kinachowakera. Ukitoka hapo unajua jambo ambalo ofisi nyingi za Posta hazilijui.

Kuhusu mtaji, mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ilisitishwa 2023 ikarudi 2024, na asilimia 4 katika hizo ni ya vijana kisheria. Jiungeni, sajilini kikundi, mkaombe. Mkizungushwa, dai majibu kwa maandishi, tena yenye mhuri. Katika kikundi muwe na katiba inayosema wazo ni la nani na likiuzwa mnagawana vipi, kabla fedha haijaonekana. Ikishaonekana, hata ndugu wa tumbo moja hawaelewani.

Mwenye swali aulize, isipokuwa la posho. Posho haipo.