Kipimo Kiandamane na Dawa: Upimaji wa Antibiotiki Kitui na Makueni



Mama wa Mutomo au Kibwezi anaumwa akikojoa. Tabibu anamwandikia antibiotiki, au muuzaji wa kemisti anamkatia vidonge vichache kulingana na pesa alizo nazo. Nani ameuliza ni dawa ipi inayowaweza bakteria wake? Nadai kwamba jibu la swali hilo ni haki ya mgonjwa, awe wa kijijini au wa Nairobi, na kwamba kaunti zetu zinaweza kulitoa.

Njia yenyewe si ngeni. Mwaka 1966, Bauer, Kirby na wenzao wa Seattle, Marekani, walichapisha utaratibu ambao maabara zingali zinaufuata. Mkojo huoteshwa usiku kucha. Bakteria waliojitokeza huchanganywa na maji ya chumvi hadi ukungu wake ulingane na 0.5 ya kipimo cha McFarland, kisha hupakwa kwenye sahani ya agari (rojo la kuoteshea bakteria) ya Mueller-Hinton yenye kina cha milimita 4. Juu yake huwekwa visahani vya karatasi vya milimita 6, kila kimoja na dawa yake. Baada ya saa 16 hadi 18 katika nyuzijoto 35, tunapima kwa rula duara ambamo bakteria wameshindwa kuota.

Duara pana si lazima liwe la dawa bora, kwa sababu kila dawa ina mpaka wake katika jedwali la kimataifa. Agari ikiwa nene mno, duara hubana na dawa nzuri huonekana dhaifu. Kwa hiyo hupimwa pia bakteria wa marejeo, E. coli ATCC 25922, ambaye vipimo vyake vinajulikana. Vipimo vyake vikienda kombo, majibu ya wagonjwa huzuiwa hadi kosa lipatikane.

Makueni imekwisha kushiriki katika kazi hii. Utafiti wa HATUA, uliochunguza maambukizi ya njia ya mkojo Kenya, Tanzania na Uganda, uliwahusisha wagonjwa wa Nairobi, Nanyuki na Makueni. Sampuli za wengi wenye dalili hazikuotesha bakteria wa kutosha kuthibitisha maambukizi. Miongoni mwa waliothibitishwa, usugu kwa dawa za kawaida ulikuwa mkubwa. Hivyo kipimo humwepusha mmoja na dawa asiyoihitaji, na mwingine na dawa isiyomfaa.

Mgonjwa mahututi hawezi kungoja siku mbili za kipimo hiki. Aanzishiwe dawa, lakini sampuli ichukuliwe kwanza. Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo naziomba Kitui na Makueni zigharimie usafiri wa sampuli kutoka zahanati hadi hospitali za rufaa, zihakikishe agari na visahani havikosekani, na kila mwaka zirudishe kwa kila zahanati orodha ya dawa zinazofanya kazi katika eneo lake. Nasi wa vyuo vikuu tuwafunze wataalamu watakaozisoma sahani hizo za agari kwa uaminifu, wakae na kufanya kazi huku huku Ukambani.