Tutazame Mizizi Kwanza

(Maneno ya Kamati ya Bustani siku ya kutimiza miaka 10 ya kikundi)



Sisi wa Kamati ya Bustani tumepewa dakika chache tuzungumzie madungusi tunayouza. Dungusi likifia chunguni, jamani, imekufa fedha ya mkopo ambayo mwanachama bado anadaiwa. Na likimfia mnunuzi nyumbani kwake, harudi tena.

Asili ya madungusi ni bara la Amerika, na mengi tunayofuga ni ya nchi kame. Shina lake ndilo mtungi wake. Kiu hulivumilia, ila maji yanayotuama huliua.

Likinywea, wengi wetu hukimbilia kopo la maji. Ngojeni kwanza! Lenye kiu hunywea, na lililooza mizizi hunywea vilevile. Mtaka cha mvunguni huinama: tulishike kwa gazeti lililokunjwa, tulitoe taratibu, tutazame mizizi. Ikiwa imara na udongo ni mkavu, hiyo ni kiu. Tumwagilie mpaka maji yatoke chini, kisha tusirudie hadi udongo ukauke kabisa. Ikiwa laini, myeusi na inanuka, hapo limeoza.

Lililooza tusilitupe. Tuchukue kisu kikali kilichopanguswa kwa spiriti, tukate juu ya palipooza mpaka ndani pasionekane hata doa la kahawia. Kipande kikae kivulini siku 7 hadi 14, kidonda kikauke. Ndipo tukipande katika udongo mkavu, nusu yake mchanga mnene, kwenye chungu chenye matundu. Maji yangoje wiki nyingine.

Likirefuka na kuwa jembamba juu, linakosa mwanga. Tulisogeze juani kidogo kidogo, maana likitolewa ghafla huungua na kovu halifutiki. Tukiona wadudu weupe kama pamba, tuwafute kwa kitambaa chenye spiriti, na tulitenge na mengine.

Ombi letu ni moja: kabla ya kupanga bei, kila mwanachama akague matundu ya chungu, abonyeze shina pale chini kwa kijiti, na amweleze mnunuzi habari ya maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Haya, ngoma iendelee!