Mkate wa Nchi ya Juu
(Maneno yaliyosemwa Mbozi Mission)



Tumesikia akina mama wakilaumiwa kuwa mikate yao huumuka vizuri, kisha hubonyea katikati ikiwa motoni. Wengine husema unga ni mbovu. Sivyo, sababu yake ni hewa.

Mbozi iko zaidi ya futi 5,000 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, haigandamizi kwa nguvu kama ile ya pwani. Kwa hiyo pumzi ya hamira hutanuka upesi mno, na mkate hufura kabla haujashikamana, ukaanguka. Tena unga hukauka upesi.

Basi na tufanye hivi. Mahali pa vijiko 4 vya hamira, tutie 3. Maji tuyaongeze kidogo. Unga ukiisha kuumuka mara ya kwanza, tuukande tena, uumuke mara ya pili. Lakini tusingoje upite maradufu. Ndipo tuoke, na moto uzidi kidogo.

Ngano hununuliwa kwa fedha. Heri kupunguza hamira kuliko kutupa mkate, na kumwaibisha bure mpishi asiye na kosa.